Mtoto Mpole

Bibi yake alinipokea mlangoni akitamba:
"Huyu kaja na heri. Usiku kucha halii.
Hata ziwa haombi."

Nikakung'uta theluji viatuni, nikanyamaza.
Sifa hiyo nimeisikia katika nyumba tatu,
na mbili kati ya hizo sasa hazina kitanda cha mtoto.

Siku ya tano. Jina bado hana,
kuhani atakuja siku ya kumi na moja;
hadi hapo ni "huyu", ni "mgeni".
Jumla, Desemba. Maji ya mtungi yamefunga ukoko.
Alizaliwa zizini, ubavuni mwa ng'ombe, desturi ilivyotaka.
Baba yu Doha, anapanga matofali;
picha yake imeegemezwa kwenye gunia la ulezi,
anatabasamu kwa watu wasiomtazama.

Mikono kwanza. Sabuni, maji ya vuguvugu,
kisha kungoja ikauke,
jambo linalomkera Putali, aliyezaa tisa bila sabuni.
(Akazika wanne. Hilo hakulisema yeye. Nalijua mimi.)

Nikamfungua kichanga, shuka kwa shuka,
kama barua usiyotaka kuisoma.

Macho hayana usaha. Viganja si vya manjano.
Nikashukuru kwa hayo mawili.
Kitovu kimepakwa mafuta ya haradali na bizari,
kwa mapenzi, sikatai, kwa mapenzi.
Lakini chini ya bizari kuna wekundu,
na wekundu haukubaki kwenye kikonyo:
umetambaa tumboni upana wa kidole, kisha cha pili,
na harufu yake si ya maziwa.

Kifua. Saa yangu ina mshale mwekundu.
Nikahesabu dakika nzima: sitini na nane.
Nikarudia, maana watoto wa siku tano hudanganya,
hupumua mbio, husita, husahau, hukumbuka.
Sabini na moja.
Mwisho ni sitini.
Na chini ya mbavu ngozi inabonyea kila pumzi,
hema lililong'oka kigingi.

Nyayo baridi. Mgongo baridi.
Sisi wakubwa tukiugua twawaka.
Huyu alikuwa anazimika.

Dalili ya mvua ni mawingu, husemwa,
lakini mawingu ya huyu yalikuwa membamba,
meupe, ungedhani ni siku njema.

Nikamkwaruza wayo kwa ukucha.
Mzima angekunja uso, angenitukana kwa lugha yake.
Yeye akafungua jicho moja, akalifunga,
kama mwenye duka aliyechoka na wateja.

Ndipo Junkiri, mama yake, miaka kumi na tisa,
akasema akiangalia sakafu:
"Tangu jana asubuhi anavuta mara mbili, anaachia.
Nilisema.
Nikaambiwa maziwa yangu mepesi."

Hakuna aliyemjibu. Moto ulipasuka kidogo.

"Mama Putali," nikasema, "upole huu si upole.
Mtoto anayelia ana nguvu za kulia."

Saa tatu kwa miguu hadi zahanati.
Tulimfunga kifuani mwa Junkiri, ngozi kwa ngozi,
kofia ya sufu kichwani, shali juu yao wote wawili.
Putali alitangulia na taa bila kuambiwa.
Kila kijito alisimama, akainua shali:
"Yupo?"
"Yupo."

Muuguzi Dhansara alichoma sindano
kwenye paja lisilozidi kidole gumba changu.
Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha njia nzima ya kurudi,
kwani niliwaacha huko, nikarudi peke yangu,
nikihesabu pumzi zangu mwenyewe.

Nilipokwenda tena, siku ya tatu ya sindano,
nilimsikia kabla sijaufikia uzio:
sauti nyembamba, yenye hasira, isiyo na adabu hata chembe.

Putali alikuwa ameketi kizingitini.
"Kelele gani hizi," alisema,
wala hakuinuka kumnyamazisha.